Juu ya Ua wa Minyaa

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba katika miezi ya mwanzo ya vita, jimbo la Kentucky lilikaa juu ya ua. Nilikuwa natafsiri kijitabu kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kazi ya kulipwa kwa neno, na hadi hapo nilikuwa nakwenda vizuri. Nikaandika kama ilivyo: "Kentucky ilikaa juu ya ua." Nikaisoma kwa sauti, nikaifuta. Nikaandika "juu ya uzio", nikafuta tena. Saa nne usiku ilinikuta bado niko palepale, na kilichonishika hakikuwa Kiingereza. Kiingereza chake nilikielewa vizuri sana.

Maana yake ni hii. Watu wawili wanagombana, au vyama viwili, au nchi mbili. Yupo wa tatu anayetakiwa aseme yuko wapi, naye hasemi. Amepanda juu ya ua unaowatenganisha, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, anatazama. Akishaona nani anashinda ndipo atashuka. Waingereza na Wamarekani wakisema fulani amekalia ua, hawamsifu hata kidogo.

Lakini mimi nimezaliwa Kongwa, mkoani Dodoma. Kwetu neno ua likitajwa, cha kwanza kuja kichwani ni minyaa. Kwa asiyeifahamu: ni mti usio na majani ya kuonekana, vijiti vya kijani vitupu vinene kama kalamu, vimesongamana kuanzia chini hadi juu. Wengine huuita mnyara, na Wamasai huuita kwa jina ambalo watu wengi husema ndilo lililozaa jina la Ziwa Manyara, kwa sababu nao waliuzungushia maboma yao. Ukikata kijiti kimoja, utomvu mweupe unachuruzika kama maziwa yanayomiminwa. Utomvu huo ukiingia jichoni unaweza kulala usiku kucha unalia, na asubuhi usione sawasawa. Mbuzi anaujua, ng'ombe anaujua, na mtoto wa miaka mitano anaujua. Hakuna mtu hata mmoja katika wilaya nzima ya Kongwa ambaye angewaza kukaa juu ya ua.

Na si minyaa tu. Nenda pwani, ua ni wa makuti, ukiukalia unaanguka nao. Nenda Kenya, ua ni wa michongoma. Mjini kuna seng'enge, na kuna kuta zilizopandwa vipande vya chupa. Kote huko ua umewekwa ili mtu asikae juu yake. Halafu lugha yenyewe inazidi kunichanganya, maana ua kwetu ni mahali pia. Ni uani, ndani kabisa, pale mama anapopepeta na wageni wasipoingia bila kukaribishwa. Mtu akiniambia fulani yuko uani, namwona yuko kwao, amestarehe. Hata neno wigo, ambalo nalo ni uzio, siku hizi limehamia maofisini: kila warsha inataka kupanua wigo.

Kwa hiyo ikanibidi niutafute ua wao, niuone.

Ua wa mkulima wa Marekani wa miaka ile ulikuwa wa magogo yaliyopasuliwa kwa nyundo na kabari kuwa mapande marefu. Mapande hayo yalilazwa moja juu ya jingine, ncha zikipishana, ukuta ukienda kwa kujipinda kama nyoka, bila msumari na bila kuchimbia nguzo. Unafika kifuani. Mtu aliyechoka kulima anaweza kupanda akakaa, akazungumza na jirani. Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wakati wa vita hivyo, alipasua mapande hayo ujanani. Mei 1860, kwenye mkutano wa chama chake katika mji wa Decatur, Illinois, ndugu mmoja wa upande wa mama yake, John Hanks, aliingizwa ukumbini na mapande mawili yaliyosemwa kuwa kazi ya mikono ya Lincoln. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Tangu siku hiyo hadi uchaguzi aliitwa mpasua magogo ya ua. Basi nikaelewa kwamba katika nchi ile ua ulikuwa kitu cha kila siku, na siasa ziliokota msemo kutoka shambani kama siasa za kila mahali zinavyofanya.

Uingereza nako uzio ulikuwa mwingine. Inasimuliwa kwamba Lloyd George, aliyewahi kuwa waziri mkuu wao, alisema juu ya John Simon, mwanasiasa mwenzake, kwamba amekaa juu ya uzio muda mrefu hadi chuma kimemwingia rohoni. Hapo picha ni ya uzio wa chuma wenye ncha, ule wa mbele ya nyumba za London, na maneno ya chuma kuingia rohoni yametoka kwenye tafsiri yao ya zamani ya Zaburi. Huo uzio wa chuma ndio ulionikaribia minyaa. Angalau unamchoma anayeukalia.

Nikarudi kwenye maneno yetu. Nilikuwa na hakika kwamba lugha yenye watu wanaogombana tangu enzi na enzi haiwezi kukosa jina la mtu huyu. Ndumilakuwili? Hapana, huyo ana vinywa viwili na anavitumia vyote, huku anasema hili na kule lile. Wa juu ya ua hasemi kitu. Bendera hufuata upepo? Hiyo inapepea, huyu ametulia tuli. Popo, asiye ndege wala mnyama? Popo anahamia kila upande kwa zamu. Mwaka 2010 Kenya, kwenye kura ya maoni ya katiba tarehe 4 Agosti, kijani kilikuwa cha Ndiyo na nyekundu cha Hapana, na watu wakawaita wanasiasa fulani matikiti: kijani nje, nyekundu ndani. Lilikuwa jina la kuuma, lakini tikiti lina upande tayari, limeuficha tu.

Kanisani tunalo neno vuguvugu, la Ufunuo: si moto, si baridi, la kutapikwa. Na kuna Eliya juu ya mlima Karmeli, kwenye kitabu cha kwanza cha Wafalme, anapouliza watu: "Mtasita-sita katikati ya mawili hata lini?" Nikafurahi, nikadhani nimepata. Nikafungua Biblia kuhakikisha maneno, nikakuta mstari wenyewe hauishii pale ninapoukumbuka mimi. Unaishia kwa kusema kwamba wale watu hawakumjibu neno.

Nikafunga kompyuta. Nilikaa kitandani na Biblia mapajani, na kilichokuwa mbele ya macho yangu hakikuwa Karmeli. Ilikuwa ofisi ya kijiji chetu, mwaka 2016.

Nianzie nyuma kidogo. Mwaka 1994 nilikuwa darasa la tatu. Shangazi yangu alirudi kutoka kwa mumewe na watoto wawili na godoro lililofungwa kamba. Babu hakumuuliza mengi. Mvua za kwanza zilipokaribia alimkatia kipande cha shamba upande wa mashariki, akaamua kupanda ua kati ya kipande hicho na cha Baba Mkubwa, mwanawe wa kwanza. Nakumbuka siku ile kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Babu alianzia kwenye mbuyu, akashuka kuelekea korongoni akihesabu hatua kwa Kigogo. Nyuma yake alikuja Baba Mkubwa na jembe, anachimba vishimo. Nyuma yetu sote tulikuwa sisi watoto, kila mmoja amebeba mzigo wa vijiti vya minyaa vilivyokatwa siku kadhaa kabla vikaachwa kivulini vikauke jeraha. Kila baada ya hatua chache Babu aligeuka, akatuambia tusijiguse macho.

Katikati ya shamba kulikuwa na jiwe kubwa bapa lenye shimo la kusagia, la bibi wa zamani ambaye hakuna aliyejua jina lake. Babu alipofika hapo alisimama. Akasogea mkono wa kushoto, upande wa magharibi, kiasi cha upana wa mkeka, akaendelea. Jiwe likabaki kwa Shangazi. "Mwanamke ndiye mwenye jiwe," alisema, na Baba Mkubwa akacheka, akachimba. Mimi ndiye niliyesimika kile kijiti kilichokuwa karibu na jiwe. Nilikipa hata jina.

Babu alifariki, na baba yangu akamfuata mapema kuliko ilivyotakiwa. Ada yangu ya sekondari ililipwa na Baba Mkubwa, kwa ng'ombe aliowapeleka mnadani mmoja mmoja. Chakula nilichokula likizo zote kilipikwa na Shangazi. Nilisema tangu nikiwa mdogo, na nasema leo, kwamba wote wawili ni wazazi wangu, na hakuna maneno ya kuongeza hapo.

Mwaka mmoja wa ukame moto uliokuwa ukisafisha mashamba ulipitiliza ukala sehemu ya chini ya ua. Mvua ilipokuja Baba Mkubwa alipanda upya, peke yake, wakati Shangazi yuko kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi akakuta jiwe la kusagia liko ng'ambo. Alipima kwa miguu yake: hatua kumi na mbili. Alisema kwa upole mara ya kwanza, mara ya pili, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Akajibiwa kwamba binti aliyeolewa hana shamba kwa baba yake, kwa hiyo ashukuru alicho nacho. Ndipo akaenda Baraza la Ardhi la Kijiji.

Baraza hilo lina wajumbe saba, na sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 inataka watatu kati yao wawe wanawake. Sheria hiyo hiyo inampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume, kwa hiyo yale maneno ya binti aliyeolewa hayakumsaidia Baba Mkubwa hata kidogo. Lakini kazi ya baraza ni kusuluhisha. Linasikiliza, linauliza, linatafuta mahali ambapo pande zote mbili zinaweza kukubali kusimama. Kwa hiyo jambo lote likabaki kwenye swali moja: ua wa mwanzo ulipita wapi? Wakongwe waliokuwepo siku ile walikuwa wameshalala makaburini. Binamu zangu walikuwa watoto wa Baba Mkubwa. Nikabaki mimi, nikaitwa kutoka Dar es Salaam.

Tulikaa chini ya mwarobaini mbele ya ofisi. Mwenyekiti, mzee niliyempigia shikamoo tangu nikiwa mtoto, aliniuliza taratibu.

"Mwanangu, ulikuwepo babu yako alipopanda ua?"

"Nilikuwepo, mzee."

"Jiwe la kusagia lilibaki upande gani?"

Nilimwangalia Baba Mkubwa. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anatazama chini. Nilimwangalia Shangazi. Yeye alikuwa ananitazama usoni. Nikasema: "Wazee wangu, naomba mnisamehe. Hawa wote ni wazazi wangu. Mimi sina upande."

Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee mmoja nyuma akasema, "Mtoto ana busara huyu." Nami nikajisikia nimeokoka, nimevuka mto bila kulowa.

Wajumbe wakafanya walichoweza. Bila shahidi, wakagawa: hatua sita kwa huyu, sita kwa yule, mkataba ukaandikwa, dole gumba likabonyezwa. Jiwe likaangukia kwa Baba Mkubwa. Nimelifikiria sana lile gawio. Kwa waliokuwa wakiangalia lilikuwa la haki kabisa, kila mmoja amepata nusu. Lakini hatua zote kumi na mbili zilikuwa za mtu mmoja. Ukiichukua kweli na isiyo kweli ukaigawa katikati, isiyo kweli imeondoka na hatua sita.

Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda. Shangazi hakusema kitu hadi tulipokuwa tunanawa mikono.

"Mama," alisema, maana ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, "sikukuita uwe upande wangu. Nilikuita useme jiwe lilikuwa wapi."

Akaingia kulala. Hakunilaumu tena, siku ile wala baadaye. Alinifungia karanga za kwenda nazo Dar kama kawaida.

Basi hiyo ndiyo sababu nilikwama kwenye sentensi ya Kentucky. Nikaamua, kabla ya kuitafsiri, nisome ni nini hasa kilitokea huko, kwa sababu kijitabu chenyewe kiliigusa kwa mistari mitano tu kikapita.

Kentucky ilikuwa jimbo la katikati, kaskazini yake ni majimbo yasiyo na watumwa, kusini yake ni majimbo ya watumwa. Lincoln alizaliwa huko 1809. Jefferson Davis, aliyekuja kuwa rais wa waasi wa kusini, naye alizaliwa huko, 1808. Vita vilipoanza Aprili 1861 kila upande uliitaka. Mei 20 gavana wake, Beriah Magoffin, akatangaza kwamba Kentucky haitakuwa upande wowote, na majeshi yote yakae nje ya mipaka yake. Ukisoma juujuu utaona ni busara. Familia zilikuwa zimegawanyika, ndugu kwa ndugu. Nani anataka vita vipite kwenye shamba lake?

Mambo hayo yalidumu miezi isiyofika minne. Mapema Septemba jeshi la kusini liliingia mji wa Columbus, kando ya mto Mississippi. Tarehe 6 Septemba Jenerali Ulysses Grant akauchukua mji wa Paducah kwa upande wa kaskazini. Bunge la jimbo likawataka wa kusini waondoke, na kutokuwa upande kukawa kumekwisha. Watu wa Kentucky wakapigana pande zote mbili hadi mwisho. Vita viliingia shambani vilevile.

Lakini kilichonikaa rohoni ni kingine. Sensa ya 1860 ilihesabu zaidi ya watu 225,000 waliokuwa watumwa Kentucky. Gavana alipotangaza kwamba jimbo halina upande, watu hawa walikuwa jikoni, mashambani, kwenye mazizi ya farasi. Kwao hakukuwa na kati. Kila siku ambayo jimbo lilisema halina upande ilikuwa siku nyingine ya kazi bila ujira. Tangazo la Lincoln la ukombozi la 1863 liligusa majimbo ya waasi tu, na Kentucky haikuwa imeasi, kwa hiyo utumwa uliendelea huko hadi Desemba 1865, vita vimeshakwisha, ndipo mabadiliko ya kumi na tatu ya katiba yakaufuta. Bunge la Kentucky lenyewe liliyaridhia mabadiliko hayo mwaka 1976. Niliisoma tarehe hiyo mara tatu nikidhani ni kosa la chapa.

Hapo nataka niseme jambo kwa uangalifu, kwa sababu sipendi watu wanaodharau kila anayekataa kuchagua. Marekani walikuwa na jina jingine la kudhihaki, "mugwump", walilopewa wanachama wa Republican waliokataa kumuunga mkono mgombea wao James Blaine mwaka 1884 wakampigia Grover Cleveland. Watani walisema kichwa cha mugwump kiko upande mmoja wa ua na makalio upande wa pili. Neno lenyewe limetoka kwenye lugha ya Wahindi Wekundu wa Massachusetts, likiwa na maana ya kiongozi wa vita, na katika Biblia ya lugha hiyo iliyochapishwa 1663 linaonekana likiwa na maana ya mkuu. Nawatetea hao. Hawakukaa juu ya ua wowote. Waliuruka, mchana kweupe, wakaonekana. Walicholaumiwa ni kwamba hawakubaki pale chama kilipowafunga.

Na kufungwa ndiko kunakonirudisha nyumbani, maana hilo ndilo neno tulilochagua sisi. Viongozi walipokutana Belgrade Septemba 1961 kuanzisha umoja wa nchi zisizotaka kuwa za Marekani wala za Urusi, Tanganyika ilibakiza miezi mitatu tu kupata uhuru. Tulipojiunga, Kiswahili hakikutafuta ua. Kilisema nchi zisizofungamana na upande wowote. Kufungamana ni kufungwa pamoja, kama ng'ombe wawili kwenye nira, kama fito mbili kwenye kamba moja. Kwa hiyo aliyekataa kufungamana hakukataa kusema. Alikataa kamba.

Kongwa tunajua tofauti hiyo kwa sababu tuliiona kwa macho. Waingereza walikuja kwetu 1947 na mpango wa karanga, wakafyeka mapori, wakaacha kila kitu miaka michache baadaye. Kuanzia 1964, katika eneo lile lile, serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa wapigania uhuru makambi: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Babu alikuwa akitusimulia alivyowauzia mtama na kuku, na jinsi vijana wale walivyokuwa wakiimba jioni. Nchi isiyofungamana na upande wowote ilikuwa imeweka majeshi ya wapigania uhuru kwenye ardhi yake. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilipotaka kutumia misaada kutuchagulia uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki, mwaka 1965 Mwalimu akawaambia wachukue misaada yao. Desemba 15 mwaka huo huo Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi wachache weupe walijitangazia uhuru bila Uingereza kuwazuia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea, kwa nchi iliyokuwa na umri wa miaka minne. Unaweza kubishana na Mwalimu juu ya mengi, nami nabishana naye kwa mengine. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza jiwe lilikuwa upande gani akajibu kwamba wote ni wazazi wake.

Nadhani ndipo nilipokosea mimi. Nilichanganya kazi mbili. Mwenyekiti wa baraza alikuwa msuluhishi, na msuluhishi akiwa na upande hafai, ni lazima awe katikati ili aaminiwe. Mimi sikuitwa kusuluhisha. Niliitwa kuwa shahidi. Shahidi ana alichokiona, basi. Nilivaa joho la mzee yule nikiwa sijaombwa, na watu wakaniona nimependeza.

Niliitafsiri sentensi ya Kentucky siku ya pili yake. Niliandika: "Kwa miezi karibu minne Kentucky ilikataa kusema iko wapi." Mhariri aliniuliza ua umekwenda wapi. Nilimweleza kuhusu minyaa, akakubali.

Desemba nilikata tiketi ya basi. Nilishuka Mbande asubuhi, nikachukua bodaboda, nikaenda moja kwa moja kwa Baba Mkubwa kabla sijafika kwa Shangazi, kwa sababu niliona ni heshima asikie kwangu kwanza. Alikuwa amezeeka, jicho moja lina mtoto wa jicho. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kusema kitu nilichopaswa kusema mwaka 2016, na kwamba nitakisema mbele ya ukoo Jumapili. Nikamwambia jiwe lilikuwa wapi.

Alikaa kimya muda mrefu. Kuku walipita kati yetu.

"Siku ile," alisema, "nilikuwa nakusubiri wewe. Nilishajiandaa. Ungesema, ningekubali, yangekwisha. Hukusema. Nikajua basi na wewe umeona ni sawa."

Hilo sikulitarajia. Miaka yote nilidhani kimya changu kilikuwa kimya tu. Yeye alikisikia kama ruhusa.

Sitasema kwamba kikao cha Jumapili kilikuwa chepesi. Binamu yangu mmoja alinikumbusha ng'ombe wa ada, kwa jina, mmoja mmoja, na alikuwa na haki ya kunikumbusha. Mwingine aliondoka kabla ya chakula na hadi leo hapokei simu yangu. Baba Mkubwa hakuomba radhi, na Shangazi hakumwomba aombe. Mwisho wa yote Baba Mkubwa alisema tu kwamba ua ni wa zamani, umejaa mapengo, na mvua ziko karibu, ni vizuri upandwe upya.

Vijiti vilikatwa Jumatatu na kijana wake wa mwisho, vikalazwa chini ya mbuyu. Ijumaa tulipanda. Shangazi alitangulia, polepole, fimbo mkononi, akihesabu hatua kwa Kigogo kama baba yake. Kijana alichimba. Mimi nilibeba mzigo, mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini, nyuma yangu watoto wa binamu zangu wakibeba ya kwao. Tulipofika kwenye jiwe Shangazi alisimama, akalipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akaingiza vidole kwenye lile shimo la kusagia. Kisha akanionyesha kwa fimbo pa kusimika, mkono wa kushoto wa jiwe.

Kijiti kilikuwa hakijakauka vizuri. Nilipokibana udongoni kilivunjika ncha, maziwa yakanichuruzikia hadi kiwikoni.

"Macho, mama," alisema Shangazi. "Usijiguse macho."